Betri "iliyokufa" bado ina umeme

Tochi ikigoma kuwaka, betri tunaihesabu imekwisha. Ipime: ile ya alkalini ya volti 1.5 mara nyingi bado inasoma volti 1 na ushee. Ikiwa peke yake haina neno. Balaa ni kuzirundika kwenye droo pamoja na funguo na sarafu, maana chuma kikigusa chanya na hasi kwa mpigo, inapiga shoti na kupata moto. Ya volti 9 ndiyo mbaya kuliko zote, kwani vichwa vyake viwili viko upande mmoja. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zikivigusa zinawaka.

Kwa hiyo ziba vichwa kwa tepu, kisha weka betri kwenye chombo cha plastiki, kila aina na chombo chake, hadi uzipeleke kwa wanaokusanya. Zile bapa za saa zizibe pande zote mbili na uzifiche watoto wasizione: ikikwama kooni, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2, hata kama ilishashindwa kuendesha saa. Mtoto akimeza, hospitali mara moja, wala usimtapishe.

Za simu na kompyuta ni lithiamu. Ndani, chanya na hasi vimetenganishwa na utando mwembamba sana. Ukitobolewa au kubanwa, joto hupanda lenyewe na gesi yake inawaka. Ndiyo maana magari ya taka yanayoshindilia mzigo hushika moto. Iliyovimba usiichaji, usiibonyeze, na tafadhali usiitoboe "kutoa hewa". Iweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje, mbali na vitu vinavyoungua.

Betri ya gari ibebe ikiwa wima, na tindikali yake. Wapo wanaoimwaga ili wauze risasi tupu (ile metali nzito iliyo ndani, si ya bunduki), au wanaiyeyusha uani. Vumbi na moshi wa risasi huharibu ubongo wa watoto, na udongo ule hubaki na sumu miaka mingi. Kiwandani, risasi hiyo hiyo huyeyushwa na kuwa betri mpya, tena na tena.

Kuhusu kusafisha, wengi hugeuza mambo. Tindikali ya gari ikimwagika, nyunyizia baking soda mpaka povu liishe. Ule unga mweupe wa betri za tochi ni alkali, kinyume cha tindikali: vaa glovu, futa kwa pamba yenye siki au ndimu, kisha kausha.