Vile nachagua mafuta ya zeituni hapa Mombasa

Mimi nikishika chupa ya mafuta ya zeituni dukani kitu cha kwanza natafuta ni tarehe ya mavuno, sio bei wala bendera iliyochorwa mbele. Tarehe ya kuharibika pia naiangalia lakini hiyo haisemi mengi, mara nyingi kampuni huhesabu mwaka na nusu au miwili kuanzia siku ya kujaza chupa, na mafuta yenyewe yanaweza kuwa yalikaa kwa tangi muda mrefu kabla ya hapo. Uhispania, Italia, Ugiriki, Tunisia, Moroko, wote huko wanavuna kuanzia kama mwezi wa kumi mpaka wa kwanza hivi, kwa hivyo ukijua mavuno ni ya lini unapiga hesabu mwenyewe umri wa mafuta. Chupa nyingi hazina hiyo tarehe. Ile yenye nayo naipa nafasi kwanza.

Haya mambo nilianza kuyafuatilia baada ya mzee kuambiwa na daktari ajichunge na kolestro, tukaamua nyumbani tupunguze mafuta ya mgando, na kwa vile mimi ndo napika ikawa ni jukumu langu kujua nanunua nini.

Kwa mtu wa pwani daraja za haya mafuta ni rahisi kuzielewa ukifikiria nazi. "Extra virgin" ndo lile tui la kwanza, zeituni imesagwa ikakamuliwa kwa mashine bila dawa, na wakiandika yamekamuliwa baridi maana yake joto halikupita digrii 27, na asidi haitakiwi kuzidi asilimia 0.8. Ikiwa "virgin" tupu asidi inaruhusiwa kufika 2. Halafu kuna zile chupa zimeandikwa "olive oil" tu, au "pure", au "light", hayo ni mafuta yaliyokua na kasoro yakasafishwa kiwandani mpaka harufu na ladha zikaisha kisha yakatiwa kidogo ya yale mazuri. Hiyo "light" wallahi inachanganya watu wengi, mtu anadhani ni ya kupunguza mwili na kumbe kalori ni zile zile, kilichopungua ni ladha. Na "pomace" hiyo sasa ndo chicha, yale makapi yaliyobaki yanatolewa mafuta kwa dawa ya kiwandani halafu yanasafishwa. Sio sumu, lakini usikubali kuuziwa kwa bei ya tui la kwanza.

Mombasa tuna shida yetu ya joto. Mafuta ya zeituni yanauliwa na vitu vitatu, mwanga, joto na hewa, na hapa mjini unakuta chupa nyeupe zimepangwa kwa shelfu ya dirishani jua linazipiga tangu asubuhi. Hata kama yalitoka huko mazuri kiasi gani hapo yatachacha tu. Mimi nachukua chupa ya kioo cheusi au kijani iliyoiva, au mkebe, na naomba nitolewe kwa katoni ya ndani. Kuna duka moja Mji wa Kale kijana aliniambia, "Dadangu, zote ni sawa, hizi za mbele zinang'aa tu." Nikamwambia kaka nifungulie tu hiyo katoni, akafungua, na tarehe zake zilikua mpya kuliko zile za dirishani. Rangi ya mafuta yenyewe siitilii maanani, kijani au manjano inategemea aina ya zeituni na imevunwa ikiwa mbichi ama imeiva. Hata wale wanaoonja kazini hutumia vikombe vya kioo cha rangi ya buluu ili macho yasiwadanganye.

Nikifika nyumbani naonja. Natia kidogo kwa kikombe kidogo cha kahawa, nafunika na kiganja, wenzetu wa nchi za baridi wanaambiwa wayapashe mpaka kama digrii 28 lakini sisi hapa hewa yenyewe imeshafika. Nanusa kwanza. Yakiwa mazuri utasikia harufu ya majani mabichi, nyasi zilizokatwa, saa zingine kama tomato mbichi. Yaliyochacha yananuka kama korosho za zamani na hayo hayahitaji mtaalam. Kisha napiga funda dogo nikivuta na hewa: uchungu kidogo kwa ulimi halafu pilipili kooni, mpaka unaweza kukohoa. Mamangu alikohoa akasema haya mafuta yameharibika haya! Hapana, ile pilipili inatokana na kitu cha asili kwenye mafuta hayo kinaitwa oleokanthali, na mwaka 2005 watafiti wa Philadelphia walionyesha kwamba inafanya kazi mwilini kwa njia inayofanana na ibuprofeni, ile dawa ya maumivu. Mafuta yasiyokuna koo hata kidogo na hayana harufu yoyote, mimi siyarudii.

Kuna wanaosema tia friji, yakiganda ni orijino. Hicho sio kipimo, kuna mafuta halisi hayagandi vizuri na kuna ya kuchanganywa yanaganda. Na vile vichupa vidogo vya duka la dawa vya kupaka nywele na ngozi tafadhali visome kabla hujavipeleka jikoni, vingine vimetiwa manukato. Bei ya chini kupita kiasi pia naiogopa, haswa tangu ukame wa Uhispania ambao ndo wazalishaji wakubwa duniani ulipopandisha bei 2023 na 2024, watu wakazidi kuyachanganya na mafuta ya bei rahisi.

Nanunua chupa ndogo, ya nusu lita, kwa sababu ikishafunguliwa nataka iishe ndani ya mwezi au miwili, na inakaa kabatini mbali na jiko. Nayatumia kwa kachumbari, kwa maharagwe, kupaka samaki changu kabla ya kuoka pamoja na ndimu na thomu. Kupikia pia yanafaa, huo uvumi kwamba yakipata moto yanakua sumu sio kweli, "extra virgin" nzuri huanza kutoa moshi kwenye digrii 190 kwenda juu na kukaanga kwa kawaida ni 170 mpaka 180. Lakini bajia na viazi karai bado nakaanga na mafuta ya kawaida, karai moja inameza chupa nzima na kwa bei ilivyo sioni sababu.