Kitoroli cha kulalia uvunguni: nilichagua kwa mgongo nikasahau kifua

Kwa miaka kama minne hivi kazi zangu zote za chini ya gari nilikuwa nazifanya nimelalia boksi. Lile boksi kubwa la friji, unalifungua, unalitandika chini, unajisukuma kwa visigino mpaka unafika kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, alafu unagundua spana namba 14 umeiacha juu ya bampa, unaanza tena safari ya kurudi kama mjusi aliyekanyagwa mkia. Siku moja namwaga oili nikaamua kuhesabu, niliingia na kutoka mara 11. Mara kumi na moja jamani, kwa kazi ya nusu saa! Shati limepanda mpaka kwapani, mgongo unawaka, na boksi lenyewe lishakunywa oili linanata. Nikasema basi, natafuta kile kitoroli.

Kwa ambaye hajakiona, ni kibao kifupi chenye magurudumu madogo, unalala chali unajisukuma kwa miguu unateleza mpaka ndani. Wengine wanakiita kripa, wengine kitanda cha fundi, mimi naita kitoroli tu.

Sa nilivyokichagua cha kwanza ndo ujinga wenyewe. Nilienda dukani nikaona viwili, kimoja cha plastiki kigumu, kimekaa chini kabisa kama sinia, hakina sponji wala nini, na kingine cha fremu ya chuma chenye godoro nene jekundu na kamto ka kichwa, alafu kinakunjwa katikati kinakuwa stuli. Mgongo wangu ukajibu kabla mimi sijafikiri. Nikabonyeza lile godoro kwa kidole gumba, nikasema hapa hapa, huku mgongo utapumzika.

Nimefika nyumbani, gari nimelipandisha kwenye stendi, vile vyuma vya kusimamishia gari likishainuliwa na jeki, nimejilaza, nimejisukuma kwa raha zote, kifua kimeingia, kichwa kimeingia, alafu nikataka kuinua mkono nikamate nati ya kumwagia oili. Kiwiko hakipandi. Bomba la ekzosti liko karibu na pua kiasi kwamba nanusa masizi yake, nikitaka kugeuza shingo nitazame pembeni shavu linagusa chuma. Yaani nilikuwa nimelala kama barua ndani ya bahasha. Nikatoka, nikalitazama lile godoro, ndo nikaelewa kila sentimita ya sponji niliyoifurahia imetolewa kwenye nafasi ya mikono yangu.

Ikabidi nifanye hesabu ambayo nilitakiwa nifanye mwanzo. Nikachukua tepu ya kupimia, kutoka sakafuni mpaka chini ya sampu gari likiwa kwenye stendi ni sm 42. Kitoroli changu kinene, kutoka sakafuni mpaka pale mgongo unapolala, sm 12 na hapo sponji lishabonyea. Bado kifua. Nikalala chali sakafuni nikamwomba mama watoto aweke ubao juu ya kifua alafu apime urefu wa chini mpaka kwenye ubao, akanitazama akasema baba watoto, unapimiwa jeneza? Sm 24. Haya toa sasa, 42 toa 12 toa 24, zinabaki 6. Sentimita sita ndo mkono upite na spana na nati izungushwe! Kile cha plastiki nilichokidharau mgongo unalala kama sm 3 tu kutoka chini, kwa hiyo zingebaki 15. Hapo ndo pana tofauti ya kufanya kazi na kulala tu unatazama kazi.

Na usiniambie si upandishe gari zaidi. Nilijaribu. Jeki ya nyumbani ina mwisho wake, na kadri gari linavyopanda ndo kadri linavyoyumba ukivuta kitu kwa nguvu, mimi sitaki kuwa chini ya kitu kinachoyumba kwa sababu ya sponji.

Ndo maana mtu akiniuliza achukue kipi huwa namuuliza kwanza gari lake likiwa juu linaacha nafasi gani, na kifua chake kina unene gani. Tumbo pia, tusidanganyane. Ukiwa na gari refu lile la juu juu, ambalo hata bila jeki unaingia, chukua godoro lako ulale salama, hakuna shida kabisa. Ila gari dogo la kawaida linalopanda kwa jeki ya kawaida, chukua kile kilicho chini kabisa hata kama kinaonekana kama beseni. Vile vya plastiki vizuri vimefinyangwa kufuata umbo la mgongo, pana shimo la mabega, kichwa kimeinuka kidogo, ukilala havileti maumivu unayoyafikiria dukani. Mgongo unauma pale mwili unapogusa sehemu mbili tatu tu, ukigusa kote unapumzika hata kwenye kitu kigumu.

Kitu cha pili ni sakafu, hapa napo niliumia. Sakafu yangu ni zege, lina maungio na nyufa mbili tatu, na magurudumu ya kile kinene yalikuwa madogo ya plastiki ngumu, kipenyo kama sm 5. Kwenye vigae unateleza kama barafu. Kwenye zege langu kila ufa ni kituo. Unajisukuma vizuri, gurudumu moja linaingia kwenye ufa, kitoroli kinasimama ghafla ila wewe bado unaenda, kichwa kinatangulia kinakutana na chuma. Na si ufa tu, nati ndogo iliyodondoka, kipande cha waya, kokoto, hata waya wa ekstensheni wa taa, vyote ni breki. Gurudumu kubwa linapanda juu ya kokoto, dogo linaigonga linagoma. Basi mwenye sakafu mbovu atafute magurudumu ya sm 7 kwenda juu, na ya mpira mpira yale ya poliuretheni, yanameza mtikisiko na hayapigi kelele za kuamsha mtaa. Vipo hata vyenye magurudumu makubwa sana ya kupita kwenye changarawe, ila angalia yasikuinue ukarudi kwenye hesabu ya sentimita sita.

Hapo kuna ujanja wa kuangalia. Kitoroli kilichotengenezwa na mtu mwenye akili magurudumu yake hayako chini ya ubao, yako pembeni, yamefungwa kwenye masikio yaliyopanda juu, ubao wenyewe unaning'inia katikati yake karibu uguse chini. Kwa hiyo unapata gurudumu kubwa bila kuinuka. Mimi hilo sikulijua siku nilipojaribu kujitengenezea. Nilichukua plaiwudi ya mm 18 nikafunga magurudumu manne chini yake, gurudumu na kile chuma kinacholishika sm 7, ubao karibu sm 2, jumla sm 9 za bure, na plaiwudi ikinywa oili harufu haitoki tena. Anayetaka kujitengenezea ashushe ubao katikati ya magurudumu, sio kuupandisha juu yake.

Idadi ya magurudumu pia, kuna ya manne na ya sita. Mimi napenda sita kwa sababu ukijiviringisha pembeni kufikia kitu, manne yana tabia ya kupinduka upande, unashtukia bega liko chini na kitoroli kiko mbavuni. Ila pima uzito wako na kile kilichoandikwa kwenye kitoroli, vingi vinaandikwa kabisa vinabeba kilo ngapi, uache na nafasi kidogo maana ukivuta nati unakandamiza zaidi ya uzito wako wa kulala.

Kwenye kuvuta nati sasa, hili hakuna aliyeniambia. Kitoroli hakina breki. Ukishika nati iliyokaza ukavuta, nati haiji, unaenda wewe. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nimevuta kwa nguvu zote nikajikuta nimezunguka nusu duara miguu iko kwenye tairi la upande wa pili. Nikamsimulia mzee mmoja fundi wa siku nyingi, akaniambia kijana, kitoroli ni cha safari, sio cha mieleka. Alimaanisha ukifika kwenye nati ngumu weka mguu kwenye tairi la lile gari ujizuie, na ikishindikana toa kitoroli lalia boksi umalize ile nati, alafu urudi. Nimefanya hivyo mpaka leo. Boksi sijalitupa. Kwenye sakafu yenye mteremko ni hivyo hivyo, ukiacha kujishika unaondoka mwenyewe taratibu kama boti iliyokatika kamba, na hapo kwanza jiulize gari lenyewe linafanya nini kwenye mteremko.

Maana niseme na hili hata kama mnalijua. Kitoroli kinakufanya uingie chini haraka sana, na kuingia haraka ndo hatari yenyewe. Zamani na boksi nilikuwa naingia kwa shida kwa hiyo nilijiandaa. Sasa mtu anasukuma mara moja yuko katikati ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kupandisha tu, haishikilii. Mimi naweka gari sehemu ngumu iliyonyooka, hendbreki, kabari kwenye matairi yaliyobaki chini, stendi mbili, nashusha uzito ukae kwenye stendi, alafu nalisukuma gari kwa bega kwa nguvu nikiwa nje. Likicheza, bora licheze mimi nimesimama. Na kama uwanja wako ni udongo au mchanga achana na kitoroli kabisa, magurudumu hayaendi, na stendi nazo zinazama upande mmoja bila kukuaga. Hapo dawa ni kutafuta zege la mtu.

Vitu vidogo vidogo. Vile vinavyokunjwa kuwa stuli vina bawaba inayopenda nyama ya vidole, ukikikunja shika pale palipowekwa mshikio, mimi nina alama kwenye kidole cha shahada. Godoro likishapasuka ngozi yake ya juu sponji linakunywa oili kama mtoto mwenye kiu na halikauki tena, plastiki unapangusa na kitambaa imeisha. Oili ya breki ikimwagikia fremu ya chuma iliyopakwa rangi inabandua rangi, kwa hiyo futa hapo hapo. Vitrei vya pembeni vya kuwekea nati navipenda sana, tena vikiwa na sumaku, ila taa zilizofungwa kwenye kitoroli sijaona faida yake, zinamulika mbavu zangu badala ya kazi. Urefu angalia kichwa na makalio vyote viwe ndani, miguu ibaki nje ndo injini yako hiyo. Mwenye nywele ndefu afunge, mwenye shati pana achomekee, gurudumu likikanyaga nywele zako unajisukuma kwenda mbele na kichwa kinavutwa nyuma, nimemwona mtu analia machozi kabisa.

Na vidole! Ukiwa ndani utataka kujivuta kwa kushika ukingo wa kitoroli, usishike. Magurudumu yale yanageuka pande zote, ukibadilisha mwelekeo yanazunguka nusu duara kabla ya kwenda, na ukiwa na kidole pale yanakukumbusha. Shika kitu cha gari kilichokaza, sio waya, sio bomba la breki, na sio ekzosti iliyotoka safari.

Dukani usione aibu, kiweke chini ukilalie. Jisukume mbele, nyuma, pembeni, alafu nenda kwa mshazari. Mguu mmoja tu ndo usukume, kisikilize. Kikikwama kugeuka pale kwenye sakafu laini ya duka, kwenye zege lako hakitasogea. Kipindue uangalie kama magurudumu yamefungwa kwa bolti na nati unazoweza kukaza au yamegongwa tu kwa ribiti, maana gurudumu ndo linakufa kwanza siku zote na lile la ribiti likifa unatupa kitoroli kizima.

Cha plastiki nilinunua baadaye, nina mwaka wa pili nacho. Gurudumu moja la kushoto lilianza kulialia, nikalifungua nikakuta uzi wa shati langu umejisokota kwenye ekseli, nikaukata kwa wembe kimya. Kikimaliza kazi nakisimamisha ukutani nakifunga kamba, kwa sababu kikiachwa sakafuni kuna mtu atakikanyaga gizani, na watoto wangu wanajua kabisa kinateleza kuliko baiskeli yao.

Kile chenye godoro jekundu bado kipo. Nimekikunja kimekuwa stuli, nakikalia nikiwa nafanya breki, na kwa kukalia kusema kweli ni kizuri sana.