Seli zinazokubali kufa na seli zinazokataa

Kabla vidole vya mtoto aliye tumboni havijaachana, nafasi zilizo kati yake hujaa seli hai, na vidole hutengana kwa sababu seli hizo hufa. Hazifi kwa jeraha wala kwa kukosa damu. Hufa kwa maelekezo yaliyomo katika jeni zao wenyewe, kwa wakati wake na mahali pake. Naandika kuhusu kifo hicho kwa kuwa mazungumzo yetu juu ya saratani hutaja mno seli zinazoongezeka ovyo na kuisahau nusu nyingine ya habari, yaani seli zinazokataa kufa.

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa kifo hiki jina la apoptosisi. Seli inayokufa hivi husinyaa, kiini chake hukatikakatika, kisha yenyewe hugawanyika kuwa vipande vidogo vilivyofungwa ndani ya utando, na vipande hivyo humezwa na seli nyingine kabla yaliyomo hayajamwagika. Seli iliyouawa na jeraha huvimba na kupasuka, na yanayovuja huiamsha kinga ya mwili hata sehemu hiyo ikawa nyekundu, ya moto na yenye maumivu. Kwamba apoptosisi huongozwa na jeni kulithibitishwa kwa mnyoo mdogo wa udongoni, ambaye katika kukua kwake hutengeneza seli 1,090 za mwili, na 131 kati ya hizo hufa, zilezile katika kila mnyoo. Kazi hiyo iliwapatia Sydney Brenner, John Sulston na Robert Horvitz Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002.

Mfano ninaouona una mafunzo mengi kuliko yote ulielezwa hapa kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda, na saratani hiyo, ya seli za kinga zitengenezazo kingamwili, hadi leo huitwa limfoma ya Burkitt. Katika seli zake, mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye kromosomu ya 14, na jeni iitwayo MYC hujikuta karibu na jeni za kutengenezea kingamwili, ambazo katika seli za aina hiyo hazilali. MYC inapoamshwa hivyo, seli hugawanyika kwa kasi ya kutisha, kiasi kwamba uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Lakini MYC hiyohiyo inayoisukuma seli igawanyike huisogeza pia karibu na kifo, na kwa hiyo uvimbe huu umejaa seli zinazokufa. Mtaalamu anayeutazama kwa hadubini huona seli nyeusi zilizosongamana, na katikati yake madoa meupe yaliyotawanyika, mwonekano ambao madaktari huuita anga lenye nyota: kila nyota ni seli mlaji ya kinga iliyokwisha kumeza mabaki ya seli zilizokufa. Uvimbe hukua kwa sababu seli zinazozaliwa ni nyingi kuliko zinazokufa, na kwa sababu njia ya kifo imeharibiwa kwa sehemu. Mara nyingi jeni ya p53, inayoamuru seli iliyoharibika ife, ina kasoro. Na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 ndani ya uvimbe huu, huisaidia seli kuzima ishara za kifo.

Kwa kuwa seli hizo ziko karibu sana na kifo, dawa huziangusha haraka, na Burkitt mwenyewe aliwaona watoto wakipata nafuu kubwa kwa dozi chache. Uharaka huo una hatari yake: seli nyingi zikifa kwa mkupuo humwaga potasiamu na kuzalisha asidi ya yuriki nyingi kuliko figo zinavyoweza kuhimili, na ndiyo maana mtoto hupewa maji mengi ya dripu tangu mwanzo wa matibabu. Mzazi anayeona taya la mtoto likivimba asisubiri wiki ipite.

Seli ina pia njia ya kujila kwa sehemu ili isife. Huzingira protini zilizochakaa au mitokondria (vinu vya nishati vya seli) mbovu kwa utando wa tabaka mbili, kisha huzipeleka kwenye vifuko vya vimeng'enya, ambako huvunjwavunjwa na malighafi yake kutumika upya. Hii ndiyo otofagia. Yoshinori Ohsumi aliichunguza kwa kutumia hamira, akazitambua jeni zinazoiendesha, na kutunukiwa Nobel mwaka 2016. Panya wanaozaliwa bila mojawapo ya jeni hizo hufa ndani ya siku moja hivi, kwa kuwa kitovu kikishakatwa hushindwa kujitafutia chakula kutoka ndani ya seli zao. Njia hiyohiyo huzisaidia seli za kinga kumdhibiti bakteria wa kifua kikuu aliyejificha ndani yake.

Kutokana na habari hizo kumezuka mafundisho mitandaoni kwamba kufunga kula huamsha otofagia na hivyo huponya saratani. Napinga mafundisho hayo kwa nguvu zote. Njaa huamsha otofagia kweli, ila otofagia haichagui upande: huweza kuzuia saratani isianze, lakini uvimbe ukishakuwapo, seli zake zilizokosa chakula na oksijeni huitumia kujiokoa, hata dhidi ya dawa. Mgonjwa anayekonda huku akitibiwa hana sababu ya kujinyima chakula kwa matumaini hayo. Klorokwini, tuliyoizoea kwa malaria, huzuia vifuko vile visimalize kazi yake, na dawa ya ukoo huohuo, hidroksiklorokwini, imejaribiwa kwa wagonjwa pamoja na dawa za saratani kwa lengo la kuizima otofagia, si kuiongeza.