Baba aliniuliza habari za chini ya gari

Mimi ni mtoto wa Likoni, kwa hivyo kutu naijua tangu utotoni. Baba alikuwa na Peugeot 504 ya rangi ya maziwa, na kila Ijumaa baada ya swala aliipiga sabuni, akaisugua kwa nta mpaka ukaweza kunyolea ndevu kwenye boneti yake. Siku alipotaka kuiuza akaja mnunuzi kutoka bara. Yule bwana hakutazama rangi wala viti. Alipiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni, akadunga chini ya mlango wa dereva. Bisibisi ikazama hadi mpini. Akasema neno moja tu, "Gari la pwani," akapangusa magoti, akaenda zake.

Nilipohamia Minneapolis, Marekani, mwaka 2018 nikajua mambo ya chumvi nimeyaacha Mombasa. Bahari ya karibu kutoka hapa iko zaidi ya kilomita elfu moja. Nikanunua Corolla ya mwaka 2014, rangi ya fedha, ya mkono wa pili lakini safi. Kisha theluji ya kwanza ikaanguka, na usiku nikasikia lori likipita barabarani na kitu kikimwagika nyuma yake kama mchele. Asubuhi nikaokota punje moja nikaionja. Chumvi. Chumvi ile ile ya jikoni, ila imevunjwa mawe mawe.

Wanaimwaga ili barafu iyeyuke, na inafanya kazi vizuri mpaka lami ifike kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, nguvu yake inapungua sana, na barabara zinaongezewa mchanga ili tairi zisiteleze. Yaani gari lako linapigwa na chumvi siku za baridi ya kawaida na linapigwa na mchanga siku za baridi kali. Kufikia katikati ya Januari huwezi kujua gari langu ni la rangi gani. Lote ni jeupe, hata namba.

Majira yangu ya kwanza ndiyo yale ya Januari 2019, asubuhi ya tarehe 30 ilipofika nyuzi 33 chini ya sifuri. Siku hiyo sikuliosha gari, hata mwendawazimu hangeliosha. Kosa langu lilikuja wiki chache baadaye, jioni ya nyuzi 12 chini ya sifuri. Nilikuwa nimechoka kuona ule weupe, nikaenda kwenye banda la kujioshea, lile la kutumbukiza sarafu, nikaliosha likametameta. Nikaenda kulala nikiwa na raha. Saa kumi na moja alfajiri, natoka kwenda zamu, mlango umeganda. Maji yalikuwa yameingia kwenye mpira wa mlango, yakashika kama gundi. Nikavuta. Nikavuta tena kwa hasira, na kitasa kikabaki mkononi mwangu. Niliingia kwa mlango wa nyuma wa upande wa abiria, nikavuka juu ya viti na jaketi la majira ya baridi mwilini. Asiyewahi kuvuka viti vya Corolla akiwa amevaa jaketi hilo hajui adhabu.

Hilo nililiona siku ile ile. Makosa mengine mawili niliyaona Aprili, jua liliporudi. Mwezi wa Februari ulileta karibu mita moja ya theluji mwaka ule, na mimi kila asubuhi nilikuwa nalifagia gari kwa ufagio wa nyumbani, ule wa nyuzi ngumu za plastiki. Chini ya theluji kulikuwa na mchanga na vipande vya barafu, nami nilikuwa navisugua juu ya rangi kama anayekwangua sufuria. Halafu kila nilipopata nafasi niliosha kwa sabuni ya vyombo. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kuondoa mafuta, na nta ni jamaa ya mafuta, kwa hivyo nilikuwa navua nguo pekee gari lililovaa. Jua la Aprili lilipopiga kwenye paa, nikaona mikwaruzo ya duara imejaa kama utando wa buibui.

Nikampigia baba kwa video nimwonyeshe hasara. Nikaizungusha simu juu ya paa, juu ya boneti, milangoni. Akatazama kimya, kisha akauliza, "Na chini je?"

"Chini sijaangalia, baba."

"Mwanangu, hiyo mikwaruzo ya juu inakuumiza roho bure. Nionyeshe chini."

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kwa mpango. Chumvi haili rangi. Rangi ya kiwandani, na ile klia, tabaka angavu lililopakwa juu yake, ni kizuizi kizuri tu. Chumvi inatafuta mahali rangi ilipokwisha kutoboka: kijiwe kimeruka kikapiga ukingo wa boneti, mchanga umechubua nyuma ya tairi, matope yamejikusanya kwenye ukunjo wa fenda. Ikipata chuma, maji na hewa huleta kutu, na chumvi inaiharakisha. Joto nalo linaiharakisha. Hili lilinishangaza: gari lenye chumvi likilala kwenye gereji yenye joto linaliwa haraka kuliko likilala nje limeganda. Nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, kutu nayo imelala.

Basi kazi kubwa nikaihamishia Oktoba, kabla ya theluji, nyuzi zikiwa bado kumi na kitu juu ya sifuri. Mimi naishi ghorofa ya tatu, sina bomba wala mpira wa maji, kwa hivyo naenda kwa binamu yangu mwenye gereji, Brooklyn Park, kitongoji cha hapa karibu. Shemeji anapika chai ya maziwa na mahamri, na Jumamosi yote inakwenda hapo. Naosha kwa ndoo mbili: moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu kabla ya kuirudisha kwenye sabuni, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Kisha napitisha ule udongo wa kusafishia rangi, donge laini kama la watoto la kuchezea, juu ya maji ya kutelezesha. Unalivuta taratibu na unausikia uchafu ulionasa unatoka, ukwaruukwaru unageuka kioo chini ya vidole. Donge likianguka chini, litupe. Nililiokota mara moja nikaendelea nalo, na mstari wake uko pale kwenye mlango hadi leo.

Baada ya hapo ndiyo kinga. Mwaka wa kwanza nilipaka nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi. Inapendeza sana, na kufikia Krismasi ilikuwa imekwisha. Sabuni kali za mashine za kuoshea na chumvi ya kila siku haviiachi. Sasa napaka silanti, kinga ya kutengenezwa kiwandani, tabaka mbili, nazipa nafasi ya kushika usiku kucha kabla gari halijaguswa na maji. Ninaijua iko hai kwa kumwaga maji kidogo: yakikusanyika vitone na kukimbia kama kwenye jani la jimbi, bado ipo. Yakilala bapa, imekwenda. Kuna fundi aliyenitajia dola 1,200 anipake kinga ya seramiki. Sina ugomvi na seramiki, lakini gari lenyewe nililinunua dola 9,000, na mikono ninayo.

Kisha chini. Baba enzi zake alikuwa akipuliza oili chafu chini ya Peugeot, na akanishauri nifanye hivyo. Hapa ukimwaga oili chafu ikachuruzika kwenye mfereji wa mvua, unaitafuta sheria. Lakini nikagundua kuna dawa ya kupuliza ya mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo, yale yanayomkinga kondoo na mvua. Yanabaki laini, hayakauki yakapasuka, na yanatambaa yenyewe kuingia kwenye maungio. Nilipomweleza baba alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo Marekani gari wanalipaka mafuta ya kondoo?" Nikamwambia ndiyo, na harufu yake ni ya zizi kweli, kwa wiki nzima. Napuliza chini yote isipokuwa breki na bomba la ekzosi, na ndani ya milango kupitia vile vitundu vya chini vya kutolea maji. Vitundu hivyo navizibua kwanza kwa kijiti. Vikiziba, mlango unageuka mtungi.

Mipira ya milango naifuta na kuipaka silikoni. Tangu hapo sijang'oa kitasa.

Msimu ukishaanza, kanuni yangu ni kuigusa rangi kidogo iwezekanavyo. Theluji naisukuma kwa kifaa chenye kichwa cha sponji ngumu, tena naacha ya mwisho, unene wa kidole hivi, iondoke yenyewe gari likipata moto. Kikwaruzio ni cha vioo tu. Maji ya moto kwenye kioo cha mbele, kamwe. Jirani alimwaga birika zima, kioo kikalia kama bunduki.

Kuosha nasubiri siku inayopanda kufika sifuri au juu yake. Siku kama hizo zinakuja, na mji mzima unazijua: foleni ya banda la kuoshea inazunguka kona. Nikitoka zamu ya usiku nafika saa mbili asubuhi kabla ya watu. Natumbukiza sarafu, nachagua maji matupu, naanza chini. Nachuchumaa napiga ndani ya fenda zote nne, nyuma ya tairi, chini ya milango, chini ya bampa ya nyuma, mpaka maji yanayotoka yawe masafi. Kwetu maji yasiyo na chumvi tunayaita maji baridi, hata yakiwa na uvuguvugu, na hapo bandani huwa yana uvuguvugu kweli, nami nacheka peke yangu. Dakika zikibaki ndiyo nainuka kwenye bodi, mdomo wa bomba ukiwa mbali na rangi kama sentimita 30. Lile brashi la povu linaloning'inia ukutani siligusi. Aliyelitumia kabla yangu alikuwa na lori la kuzolea theluji, na mchanga wake wote umo humo. Mashine zile za kupita ndani na kupigwa na mabrashi nazo naziepuka kwa sababu hiyo hiyo. Nikilazimika, naenda kwenye isiyogusa, inayorusha maji tu, yenye kupiga na chini.

Nikimaliza nafuta mipira, nafungua na kufunga kila mlango mara kadhaa, na kifuniko cha tangi pia, halafu nazunguka barabarani dakika 20 hita ikiwa juu. Siegeshi gari bichi.

Mara moja kwa mwezi, kama nina nguvu, nakwenda kwa binamu na kulipangusa kwa ile shampuu isiyohitaji kusuuzwa, mililita 30 kwenye lita saba na nusu za maji, vitambaa sita vya maikrofaiba, kila upande na kitambaa chake. Lakini hiyo ni baada ya chumvi kuondolewa kwa presha. Ukipangusa gari lenye ukoko wa chumvi na mchanga, unalipiga msasa.

Vijiwe navyo haviepukiki. Machi nazunguka na kalamu ya kuwekea alama, nazungushia kila kidonda duara dogo. Nambari ya rangi iko kwenye kibandiko cha ukingo wa mlango wa dereva, yangu ni 1F7. Natafuta siku yenye joto, nasafisha kidonda, natia tone la praima, ile rangi ya msingi, tone la rangi, tone la klia, kwa kijiti cha kuchokolea meno. Ile brashi inayokuja na chupa ni nene mno, inaacha chunusi. Kwa karibu unaziona alama. Kwa hatua mbili huzioni, na chuma kimefunikwa, basi.

Aprili mwaka huu magari ya kufagia barabara yalipokwisha kupita, nikaliosha kwa raha, likakauka, nikampigia baba. Rangi ilikuwa inawaka. Nilijua atakachouliza, kwa hivyo nilikuwa nimeshatandaza gunia sakafuni kwa binamu. Nikalala chali, nikaingiza mkono na tochi na simu, nikaanza kumtembeza pole pole kutoka mbele kwenda nyuma. Hakusema kitu. Tulipofika nyuma ya tairi la mwisho nikataka kutoa mkono.

"Hebu rudi," akasema. "Hapo hapo. Sogeza tochi juu kidogo."

Nikasogeza. Kwenye ukunjo wa fenda kulikuwa na doa la rangi ya kahawia, si kubwa kuliko punje ya kunde.

"Una bisibisi?" akauliza.