Niliingia jela ya Amu, nikakuta vitabu

Basi la kutoka Mombasa lilitushusha Mokowe saa tisa mchana, miguu imekufa ganzi. Tangu Garsen ni vizuizi tu: shuka, toa kitambulisho, panda. Ila ukishakaa kwenye boti upepo wa bahari ukakupiga usoni, yote husahaulika. Punde si punde mji wa Lamu, au Amu kama wenyewe wauitavyo, huo, na punda wanangoja mizigo gatini.

Sikwenda kusoma. Nilikwenda kulala na kula samaki siku tatu. Asubuhi ya pili, nikitafuta kivuli, nikatokea uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome. Barazani ameketi mzee wa kanzu na kofia ya vito. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Mombasa, mzee."

"Aa, Mvita! Karibu. Ngome hii nyinyi ndio mliotutia haja nayo."

Alikuwa akinichokoza, na haki anayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mazrui, watawala wa Mombasa, walishirikiana na watu wa kisiwa jirani cha Pate kuivamia Amu. Wakatua kijiji cha Shela, kisiwani humu humu, wakapigwa. Wasimulizi husema walipokimbilia majahazi yao walikuta maji yamekupwa, vyombo vimelala mchangani, wakauawa papo hapo pwani. Washindi nao wakaingiwa na hofu ya kisasi, wakamwomba Seyyid Said wa Omani awalinde. Ngome ikakamilika mwaka 1821. Waingereza wakaja kuifanya jela mwaka 1910, na Kenya huru ikaendelea kufungia watu humo hadi 1984, ndipo ikawa makumbusho.

Basi mimi nikaingia nikitaraji pingu na minyororo. Nikapita uani, jua limesimama katikati kama mlinzi, nikaona mlango uko wazi, na ndani rafu za vitabu. Maktaba!

"Ndoo," akaniita dada mkutubi.

Nikatazama chini kutafuta ndoo. Akacheka mpaka mtandio ukamteleza. Kiamu hicho, kumbe: ndoo ni njoo, kama ndia ilivyo njia. Mimi mtoto wa Changamwe, ningejuaje?

Humo mna ubaridi wa mtungi. Kuta ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba kelele za Mkunguni, punda na wachuuzi, zinafika zimechoka. Msichana wa sekondari alikuwa akinakili kitu kwenye daftari, ulimi nje kidogo. Karibu naye bwana mmoja amelalia gazeti, na hakuna aliyemwamsha. Nilipenda hilo. Maktaba inayomfukuza mtu kwa kusinzia siiamini.

Nikaomba chochote kuhusu vita vya Shela, kwa vile mzee alishanichoma. Dada akaniletea kijitabu chembamba, akakipangusa kwa kitambaa kwanza. Kurasa zimejikunja kwa unyevu, pini za stepla zimeota kutu na kuacha alama mbili za kahawia kila ukurasa, mpaka maneno ya karibu na mshono nikawa nayakisia. Chumvi ya bahari haichagui, inakula baiskeli na inakula vitabu. Nikasoma taratibu, nikigeuza kurasa kwa vidole viwili kama mtu anayechambua samaki miiba. Nilipoinua kichwa, adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza na bwana wa gazeti ameshaondoka.

Nje, mzee yuko palepale.

"Umesoma chuo gani?"

Nilikaribia kumtajia chuo kikuu changu. Kisha nikakumbuka kwamba kwa wazee wa huku chuo ni kitabu, ndiyo maana mjuzi wa dini huitwa mwanachuoni.

"Cha vita vya Shela, mzee."

"Ehe. Na kimeandika maji yalivyowakupwia?"

Nikamwambia sikufika mwisho.