Saa tatu ya nani?

Kikundi chetu cha watumiaji wa QGIS (programu huria ya ramani) tunaozungumza Kiswahili kina watu Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa, Bukavu, Muscat, Leeds na Toronto. Tunakutana mtandaoni, mwita vikao ni mimi, na nasema kwa fahari kwamba siku hizi nikiita, watu wanafika kwa wakati. Haikuanza hivyo.

Kikao cha kwanza nilitangaza: "Jumamosi, saa tatu usiku, tutasafisha data za mitaro tuliyochora kwenye ramani huria ya OpenStreetMap." Sikuona utata wowote. Jumamosi hiyo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, niko kwenye daladala naelekea Kariakoo, ujumbe ukaingia kutoka kwa dada wa Toronto: "Kaka, niko ukumbini peke yangu tangu saa tatu. Mmeahirisha?" Kwao ilikuwa saa tisa usiku. Amekulia Kanada, Kiswahili anakizungumza vizuri na mama yake, ila saa anahesabu kwa Kizungu. Alitega kengele, akaamka, akakaa jikoni na kompyuta asiwaamshe watoto. Nilishuka kituo kisicho changu nikampigia kumwomba radhi.

Mzoefu mmoja wa programu huria akanishauri niandike UTC tu, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, eti dunia nzima inaielewa. Nikaandika 18:00 UTC. Wa Mombasa wakaingia saa kumi na mbili jioni, wakangoja, wakaondoka kabla sijafika. Ushauri ule unaniudhi hadi leo, kwa sababu unamtwisha kila mwanachama hesabu ambayo ni kazi ya mwita kikao.

Sasa tangazo langu lina mstari kwa kila mji, kwa saa zote mbili. Kwa Januari huwa hivi: Dar, Mwanza na Mombasa saa 3 usiku (21:00), Bukavu saa 2 usiku (20:00), Muscat saa 4 usiku (22:00), Leeds saa 12 jioni (18:00), Toronto saa 7 mchana (13:00). Wa Bukavu bando linawasumbua, kwa hiyo video tunazima, tunabaki na sauti. Bi wa Muscat Jumapili anaingia kazini, kwa hiyo mada yake hutangulia, kisha namuaga akalale.

Balaa lingine ni Machi. Toronto wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya mwezi, Uingereza wanangoja Jumapili ya mwisho, na sisi huku hatugusi saa kabisa. Kwa wiki mbili au tatu mstari wa zamani wa Toronto peke yake ni wa uongo, kisha wa Leeds nao unafuata. Hapa ndipo nilipopata dawa: tukio la kalenda nimelifunga kwenye Africa/Nairobi (jina la saa za Afrika Mashariki kwenye kalenda za simu), si London, na simu ya kila mtu inageuza yenyewe. Mji usiobadilisha saa ndio ushike usukani. Mistari ya tangazo naikagua upya Machi, Oktoba na Novemba, tena naikagua kwa mkono.

Jumamosi moja ya Machi, Toronto wameshasogeza na Leeds bado, nilifungua ukumbi dakika tano kabla. Dada wa Toronto alikuwa ameshafika. "Shikamoo kaka," akasema, "hapa ni saa nane mchana."