Karanga za kibanda umiza

Mama hakuwahi kujua kwa nini karanga zangu ziliisha haraka Jumamosi. Alidhani nazunguka stendi. Kumbe niko Mabatini, ndani ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea muvi, sinia mapajani, naangalia muvi bure.

Ilikuwa 2006, hapa Mwanza, nina miaka 11. Kiingilio shilingi 100, ila mwenye banda alinipitisha kwa koni mbili za karanga. Kwa kawaida wasichana hatukuwa tunaingia mle. Kwa wazazi, kile kilikuwa kijiwe cha wahuni, wavuta bangi na watoro wa shule, na hawakukosea sana. Mabati juu, mabati ubavuni, madirisha yamezibwa na viroba, mabenchi yenye misumari inayochana sketi, televisheni ya chogo juu ya kreti za soda. CD ikikwama, mwenye banda anaitoa, anaihemea, anaifuta kwa tumbo la shati lake, anarudisha. Joto lile! Umiza kweli.

Biashara nayo ilikuwa na wakati wake: steling, yule shujaa wa muvi, akipigana hanunui mtu. Unasubiri anapolia kwenye kaburi la mwalimu wake, hapo ndipo mikono inanyooshwa gizani.

Ila mimi nilifuata sauti. Ukiweka muvi ambayo haijatafsiriwa, watu wanadai hela zao. Tulitaka ya Lufufu, mtafsiri aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya muvi. Mtu mmoja anakuwa steling, anakuwa adui, anakuwa binti wa adui, halafu anakusimulia na kinachowangoja mbele. Mchina anafumbua mdomo, kinatoka Kiswahili cha mtaani kwetu. Alikuwa anatafsiri au anatunga? Mle ndani nani angejua, na nani alijali?

Mwaka juzi nikaipata mtandaoni moja ya zile muvi. Safi, haikwami, maandishi ya Kiingereza chini. Dakika ya 20 nikazima. Yule adui niliyekuwa namwota usiku, kumbe ni mzee mmoja hivi, mpole, hata kuongea haongei.

Waganda wao mtafsiri wanamwita VJ. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010, na kopi iliyobaki ni ile ambayo VJ Emmie anapayuka juu yake mwanzo mwisho. Ile isiyo na sauti yake Nabwana aliifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi ya muvi nyingine. Kuna wanaoisikitikia. Mimi simo. Nikiambiwa nichague nitakayozikwa nayo, nachukua yenye makelele.

Banda letu limeshabomolewa, siku hizi pale wanabeti. Mwezi uliopita nimepita na mama, akasonya.

"Hapa palikuwa na wahuni, hapa!"

"Kweli, mama," nikamwitikia.